Wasichana na Mbio Ndefu: Kuwatayarisha Mbele ya Mashindano

Somo hili ni la walimu wa michezo, wazazi, walezi wa enterna, na wasichana wenyewe. Lisomwe polepole. Kama mko kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine waulize maswali.



Mapumziko makubwa yanapofika, mwezi wa saba na wa nane, masomo mengi yanaanza kufikiri juu ya michezo ya mwaka mpya. Mwalimu anachagua wasichana wenye miguu myepesi, anawapeleka barabarani asubuhi, anawaambia: "Kimbieni!" Wengine wanafurahi. Wengine wanaanguka juma la pili, na watu wanasema ni wavivu. Mara nyingi si uvivu. Ni damu kidogo, ao njaa, ao mazoezi yaliyoanza kwa haraka.

Mtume Paulo alijua mbio za Wagriki, akazitumia kama mfano alipowaandikia Wakorintho (soma 1 Wakorintho 9:24-27). Anatufundisha kwamba anayekimbia lazima ajitawale. Nasi tunaongeza: anayemkimbiza mtoto wa mwingine lazima ajitawale zaidi.

1. Je, mbio ndefu ni kazi ya wasichana?

Kuna mama wanaouliza: "Mbio haitaharibu kizazi cha mtoto wangu?" Swali hili ni la zamani, na si la hapa kwetu tu. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia metre 800. Wakubwa wa michezo walisema mbio hiyo inazidi nguvu za mwanamke, wakaiondoa. Haikurudi mpaka mwaka 1960. Metre 1,500 ya wanawake ilianza mwaka 1972, na maratoni yao mwaka 1984 tu.

Wanawake wenyewe walijibu kwa miguu. Mwaka 1992 Derartu Tulu wa Etiopia alishinda metre 10,000 kule Barcelona. Mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya alishinda maratoni ya New York. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda metre 1,500 ya Olimpiki mwaka 2016, akazaa mtoto msichana mwaka 2018, kisha akashinda tena mwaka 2021 na mwaka 2024. Basi, mama, kizazi hakikuharibika.

Na katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini? Makorobondo Salukombo, mwana wa Kongo aliyekwenda kukaa Marekani, alianzisha kikundi cha wakimbiaji kule Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 2016 yeye alikimbia maratoni ya Olimpiki kule Rio kwa jina la inchi yetu, na Beatrice Kamuchanga alikimbia metre 5,000. Msichana wa kwetu anaweza. Lakini anahitaji kutayarishwa vizuri.

2. Mbele ya kuanza: mtazame mtoto kwanza

Usianze na saa ya kupima mbio. Anza na kituo cha afya. Peleka ekipe nzima, na uombe mambo haya matano.

a) Damu. Vuta kope ya chini ya jicho, tazama rangi. Tazama pia ulimi na viganja. Vikiwa vyeupe, damu ni kidogo. Kisha labo wapime. Kwa msichana wa miaka 12 na zaidi, chini ya gramu 12 kwa desilita moja ni upungufu wa damu. Na ujue hili: Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700. Mahali pa juu mwili wa mtu mzima kiafya unaongeza damu kidogo, juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo msichana wa Vulamba mwenye gramu 12 kamili asihesabiwe kuwa na akiba.

Kwa nini wasichana wanakosa damu? Sababu ni nne kubwa: malaria, minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, siku za mwezi, na chakula kisicho na chuma. Mtu mwenye damu kidogo ni sawa na chukudu iliyopakiwa mizigo mingi na msukumaji mmoja tu. Itaenda, lakini kilima kitamshinda.

b) Dawa ya minyoo. Mtoto apewe albendazole miligramu 400, ao mebendazole miligramu 500, mara moja, kwa mkono wa muuguzi. Kama anaweza kuwa na mimba, aseme kwanza.

c) Chuma. Kwa wasichana walioanza siku za mwezi, mahali penye upungufu mwingi wa damu, kidonge kimoja cha chuma (miligramu 60) pamoja na asidi foliki kila juma kinasaidia. Muuguzi ndiye anayetoa. Msichana mwenye upungufu tayari anahitaji dawa ya kila siku, si ya juma.

d) Chanjo ya tetanosi. Uliza karata. Wengi wanakimbia bila viatu, na misumari iko katika barabara.

e) Magonjwa ya zamani. Uliza: anabanwa na kifua? Alizimia siku moja akikimbia? Katika jamaa yake mtu kijana alikufa kwa ghafula? Ana ugonjwa wa SS? Jibu likiwa "ndiyo", daktari amwone kwanza. Mtoto wa SS asilazimishwe mbio kamwe.

3. Majuma manane

Mbele ya kumpa msichana kazi ya mbio, hesabu kazi anayofanya tayari. Huyu mtoto ameteka maji bondeni. Amebeba kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akapanda kilima. Amelima na mama yake. Hayo yote ni mazoezi, hata kama hayaandikwi katika kitabu cha mwalimu. Siku ya kazi nyingi shambani isiwe siku ya mbio nyingi.

Mpango huu ni wa anayeanza. Siku tatu kwa juma: siku ya pili, siku ya nne, na siku ya posho. Siku ya Mungu ni ya kupumzika kwa wote.

Juma la 1 na la 2: kukimbia dakika 2, kutembea dakika 1, mara 7.

Juma la 3: kukimbia dakika 3, kutembea dakika 1, mara 6.

Juma la 4: juma la kupumzisha mwili. Siku mbili tu, kwa kipimo cha juma la 1.

Juma la 5: dakika 25 bila kutembea, polepole.

Juma la 6: dakika 25 kama juma la 5, na siku moja kati ya zile tatu, kilima: kupanda kwa nguvu nusu dakika, kushuka kwa kutembea, mara 4.

Juma la 7: dakika 30. Kilima kinabaki mara 4.

Juma la 8: punguza. Dakika 20, hakuna kilima. Mwili unapata nguvu wakati wa kupumzika, si wakati wa kuchoka.

Waliokimbia mwaka uliopita wanaweza kuongeza siku ya nne tangu juma la 5, kama wanalala na kula vizuri.

Kuna kanuni mbili. Ya kwanza: ongeza kitu kimoja tu kwa juma, wakati ao kilima. Usiongeze vyote pamoja. Ya pili: wasichana wakikimbia, waweze kuongea. Asiyeweza kumaliza sentensi moja na mwenzake anakwenda mbio kupita kiasi. Mwalimu, usione aibu ekipe yako ikipitwa barabarani na mama wa soko. Wakati wa kushindana bado.

4. Chakula na maji

Mbio inakula chakula. Kila siku ya mazoezi, msichana anahitaji kula zaidi ya siku nyingine. Ale mara tatu. Asubuhi asitoke na tumbo tupu kabisa: ndizi moja ao kikombe cha uji kinatosha. Akirudi, asikae zaidi ya saa moja bila kula. Uji wa mahindi na soya, pamoja na karanga zilizosagwa, ni chakula kizuri cha bei ndogo.

Katika sahani yake weka vitu vitatu: cha kutoa nguvu (bugali, viazi, makemba, mchele), cha kujenga mwili (maharagi, soya, ndagala, samaki wa Ziwa Edouard, mayai), na cha kulinda (sombe, lenga-lenga, marakuja, avoka, machungwa). Chuma cha maharagi na mboga kinaingia vizuri zaidi kama unakula tunda chachu pamoja nacho. Chai na kahawa zinazuia chuma. Tunajua kwetu ni inchi ya kahawa, lakini msichana asinywe pamoja na chakula. Angojee saa moja ao mbili.

Na kama nyumbani chakula hakitoshi? Hapa nasema wazi. Usipige mtoto kwa maneno, na usimdanganye kwamba nguvu ni ya roho tu. Punguza mazoezi. Mwalimu asiyejua msichana amekula nini jana asimpandishe kilima leo. Wazazi wa ekipe wanaweza kuleta kila mmoja kopo la soya ao la mahindi, uji upikwe mahali pamoja kisha mazoezi. Kopo moja kwa kila nyumba si mzigo mkubwa.

Maji yawe yamechemshwa. Kila mtoto na kikombe chake ao chupa yake. Tusisahau ebola iliyotangazwa hapa kwetu tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kunawa mikono na kutokugawana kikombe tulijifunza kwa machozi. Tuendelee hivyo.

5. Siku za mwezi

Hapa wengi wananyamaza, na hapa ndipo wasichana wanaumia.

Kwanza: msichana anaweza kukimbia siku zake za mwezi. Haina hatari. Kama tumbo linamuuma, atembee ao apumzike, yeye mwenyewe aamue. Awe na vitambaa safi, vilivyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Visifichwe chini ya kitanda, vitabaki na maji na kuleta ugonjwa. Mwalimu mwanaume asimuulize mbele ya wengine. Ekipe iwe na mama mmoja wa kusikiliza mambo haya.

Pili: siku za mwezi zikikosekana, tusikimbilie kuhukumu. Nitakupa mfano, na ndani yake nami nina kosa.

Miaka kadhaa iliyopita waliniletea msichana mmoja wa masomo ya sekondari. Alikuwa wa kwanza katika ekipe yao. Mlezi wa enterna aliona hafui vitambaa tangu miezi mine. Habari ilifika kwa wakubwa, wakasema ana mimba, wakamrudisha nyumbani mbele ya mitihani. Mama yake alimleta kwangu huku analia. Nami, muuguzi wa miaka mingi, mwalimu wa wauguzi, nilianza kumuuliza sawa na jaji: "Mwanaume ni nani?" Akanitazama, akasema: "Mama, mimi sijui mwanaume. Juu ya nini hakuna mtu ananiamini?"

Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nilivuta kope: nyeupe. Tukapima mkojo: hakuna mimba. Tukapima damu: gramu 9. Nikamuuliza swali ambalo ningeuliza kwanza: "Unakula nini?" Alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni. Mtu alimwambia kwamba uzito unapunguza mbio. Naye alikuwa anakimbia siku sita kwa juma, asubuhi na jioni pengine.

Sikia namna inavyotokea. Mwili ukipata chakula kidogo na kazi nyingi, unafanya kama mama mwenye unga kidogo: anaanza kukata vitu ambavyo nyumba inaweza kuishi bila hivyo. Moyo na ubongo unapewa kwanza. Kizazi kinaambiwa: "Wewe ngoja." Siku za mwezi zinasimama. Lakini si hizo tu. Ile homoni ya kike inayopungua ndiyo inayolinda mifupa. Miaka ya ujana ndiyo miaka ya kujenga mifupa ya maisha yote. Msichana anayekimbia miezi mingi bila siku za mwezi anaweza kuvunjika mfupa bila kuanguka.

Hakuna dawa ya ajabu. Tulimsimamisha mbio. Tulimpa chuma, tulitibu minyoo, tulizungumza na mama yake juu ya chakula. Kisha miezi kadhaa siku zake zilirudi, na damu ikapanda. Mwaka wa masomo haukurudi. Ulipotea, juu hakuna mtu mzima aliyevuta kope ya jicho lake mbele ya kufungua kinywa.

Niliomba msamaha kwake. Sasa ninafundisha wanafunzi wangu hivi: siku za mwezi zikikosekana miezi mitatu, kuna sababu nyingi. Mimba ni moja. Ugonjwa ni nyingine. Njaa pamoja na mazoezi ni nyingine. Pima kwanza, kwa siri, kwa heshima. Na hata kama ni mimba, yeye bado ni mgonjwa wako na mtoto wa Mungu, hafukuzwi mlangoni.

Wewe msichana unayesoma: usifurahi kwamba siku zako zimekoma, ukizani ni alama ya nguvu. Ni kengele. Mwambie mama yako ao muuguzi.

6. Miguu na malaria

Maumivu ya nyama za miguu siku mbili baada ya mazoezi ni ya kawaida. Lakini maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, unapoweza kugusa kwa kidole kimoja na kusema "ni hapa," na yanayoongezeka kila siku, si ya kawaida. Pengine mfupa umeanza kupasuka. Asimamishe mbio, aende hospitali.

Mguu ukiteguka: pumzisha, tia maji baridi, funga kitambaa bila kubana sana, inua mguu. Usichanje, usitie dawa ya majani katika kidonda, usivute kwa nguvu. Kila jioni aoshe miguu, atazame funza na vidonda. Kama amekanyaga msumari, aoshe kwa maji mengi na sabuni, aende kituo siku ileile.

Malaria iko zaidi upande wa Beni, kwenye bonde na joto, lakini usidanganyike kwamba milima ya Butembo imeikimbia. Kila mkimbiaji alale ndani ya mustikere. Mwenye homa hakimbii, hata kama mashindano ni kesho. Apimwe, amalize dawa yote. Homa ikiisha, aanze na juma moja la kutembea, kisha arudi nyuma majuma mawili katika mpango.

7. Ulinzi

Wasichana wasikimbie mmoja mmoja, wala gizani. Mwalimu aulize kila asubuhi habari za njia. Katika inchi yetu tunajua sababu. Siku yenye habari mbaya, mazoezi yafanyike katika kiwanja cha masomo ao cha kanisa. Kuzunguka kiwanja mara ishirini si aibu. Mbio zinaweza kungoja. Mtoto akipotea, hatutapata mwingine.

Kuna hatari nyingine isiyotoka porini. Mwalimu asibaki peke yake na msichana, asimpe zawadi kwa siri, asimkande miguu. Mwanaume anayesema "ukitaka nafasi katika ekipe, fanya ninachotaka" ni mwizi. Msichana amwambie mzazi ao mama wa ekipe, na yule mama asinyamaze ili kulinda jina la masomo. Kama amekwisha kutendewa vibaya kwa nguvu, afike hospitali mbele ya saa 72 kupita. Dawa za kumkinga ziko, na zinafanya kazi vizuri zaidi akifika mapema.

8. Simamisha mara moja ukiona

– kuzimia, ao maumivu ya kifua wakati wa kukimbia;
– pumzi inayobana hata akipumzika;
– moyo unaopiga sana asubuhi kitandani, siku kadhaa;
– homa, ao kuhara;
– kukonda kila juma, ao kukataa chakula;
– siku za mwezi kukosekana miezi mitatu;
– maumivu ya mfupa usiku.

Kwa kuhara, tayarisha maji: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, kisha kituo cha afya.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Ni sababu gani nne zinazopunguza damu ya wasichana wetu?
2. Katika ekipe yenu, nani anajua kila msichana alikula nini jana?
3. Msichana amekosa siku za mwezi miezi mitatu. Taja mambo mawili utakayofanya mbele ya kusema neno lolote juu ya mimba.
4. Kazi gani za nyumbani zinapaswa kuhesabiwa kama mazoezi?
5. Siku njia si salama, mtakimbia wapi?

Neno la mwisho

Mwalimu mpendwa, mzazi mpendwa, kikombe cha ushindi kinawekwa kabatini na kupata vumbi. Mtoto anarudi nyumbani, anakuwa mama, analima, anaimba kanisani, anazeeka. Mifupa unayoilinda leo itabeba wajukuu wako. Mpeleke kwa mwendo mzuri, na Mungu awabariki katika kazi hii.